Mgongo wa Siku za Ijumaa

Jumatano, 8 Mei 2019

Nimeamua. Mwiko wa Ardith utarudi nyumbani kabla shule hazijafungwa.

Nimeamka saa kumi na moja na uamuzi huu tayari kichwani. Nikanywa kahawa nimesimama. Kikombe chake bado kiko mbele ya changu kabatini, kwa hiyo kila asubuhi lazima nikisogeze. Nakisogeza. Kisha nakirudisha.

Mwiko niliuchonga mimi, kwa mguu wa meza yetu ya kwanza, siku tulipotimiza miaka kumi ya ndoa. Mwaloni mtupu, urefu wa mkono mzima. Mwaka uleule akaanza kujitolea kwenye meli ya Harriet Loomis, pale gatini Vallejo, kuwapikia watoto wa shule wanaokuja kulala melini na kuishi kama mabaharia wa mwaka 1906. Akauchukua mwiko. Alisema miko ya pale ni ya kukorogea chai. Ukabaki huko miaka kumi na minane, unaning'inia kwenye msumari. Ardith alifariki Februari. Mwiko bado uko msumarini.

Ningeweza kumwomba Orrin Tolliver, ndiye msimamizi. Siwezi kumwomba Orrin Tolliver. Miaka kumi na minane nimesikia mezani kwangu Orrin kasema hivi, Orrin kacheka vile. Ana ndevu. Ana sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya maji.

Nitauiba. Hapana, nitaubadilisha. Mpango uko kwenye ukurasa wa nyuma.


Alhamisi, 9 Mei

Tatizo la kwanza. Melini hawaingii ila wazazi wa darasa husika, na mimi sina mtoto. Lakini Renata Quintero, jirani wa ukuta kwa ukuta, anaye. Marisol, miaka kumi, darasa la nne. Darasa lake linalala melini Ijumaa ijayo, na Renata amepangwa kusimamia jiko. Jiko!

Mbinu: nimtie Renata hofu, aogope, aniachie nafasi.

Nimemkuta anatoa takataka. Nikaanza na baridi. Akasema yeye ni muuguzi wa zamu za usiku, baridi anaijua. Nikaongeza mbao za kulalia, ngumu kama kaunta ya benki. Akasema atalala popote. Basi nikatoa panya. Nikasema melini kuna panya wakubwa kama viatu. Nikaonyesha kwa mikono. Nikasema Ardith aliwahi kumkuta mmoja amekalia mkate na hakuondoka.

Renata akaweka mfuko chini. Akasema kama ni hivyo Marisol haendi.

Sikutegemea hilo. Nyuma ya mlango wa wavu alikuwa amesimama Marisol mwenyewe, na amesikia kila neno. Hakulia. Aliniangalia tu. Nimekula chakula cha jioni bila hamu.


Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda kurekebisha. Nimemwambia Renata kwamba panya ni wachache. Wazee. Wengine pengine wameshakufa.

Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akasema tangu Pasaka anatafuta mtu wa kumshikia nafasi, kwa sababu Ijumaa hiyo ana zamu na hospitali imekataa kumbadilishia. Mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa mimi. Ila aliona haya. Meli ya Ardith, alisema, angeanzaje kuniomba niende pale na msiba bado mbichi.

Kwa hiyo ningegonga mlango na kusema "Naomba niende mimi," mambo yangekuwa yamekwisha Jumatano asubuhi. Sikumwambia hivyo. Nilijifanya nafikiria. Nikasema sawa, kwa ajili ya Marisol.

Marisol aliniuliza panya wa meli wanapenda kula nini. Nikasema jibini. Akaandika kwenye daftari.


Jumapili, 12 Mei

Karakana siku nzima. Nimechonga mwiko wa pili, pacha wa ule. Nimetumia mguu mwingine wa meza ileile. Miguu mitatu ilikuwa bado juu ya dari. Kipimo nimekitoa kwenye picha ya siku ile: Ardith ameushika mwiko kama fimbo ya kifalme, mimi niko nyuma yake nimefumba macho kwa sababu ya jua. Mpini mnyofu, laini, bila doa. Nilijivunia sana ulaini ule. Nilikuwa nimeusugua siku nne.

Huu wa sasa nimeusugua saa mbili. Mikono imezeeka. Lakini ukiusogeza kando ya picha, huwezi kutofautisha.

Leo ni Sikukuu ya Mama. Hatukuwa na watoto, ila kila mwaka wazazi wawili watatu wa madarasa ya mwaka huo walimtumia kadi. Mwaka huu imekuja moja. Hawajapata habari. Nimeiweka dirishani.


Jumanne, 14 Mei

Mafunzo ya wazazi, melini. Orrin Tolliver amevaa koti la vifungo vya shaba na kofia. Anaigiza Msaidizi Mkuu wa nahodha. Nahodha mwenyewe haonekani kamwe, inasemekana yuko mjini anatafuta shehena ya mbao.

Sheria ni hizi. Ukikanyaga daraja la kupandia, ni mwaka 1906. Hakuna simu, hakuna saa ya mkononi, hakuna jina la nyumbani. Mimi ni Bwana Jikoni. Mtu mzima hamsaidii mtoto: habebi, hakorogi, haonyeshi. Wakikwama, wakwame mpaka wajikwamue. Wanafundishwa kuokoa mtu aliyeanguka majini: anayemwona kwanza anapiga kelele, ananyoosha mkono kumwonyesha, na haushushi mkono wala kupepesa macho mpaka mashua imfikie. Na kila jioni baada ya chakula vyombo vyote vinahesabiwa, na hakuna anayeshuka kulala mpaka hesabu ikamilike. Mabaharia wa kweli, alisema, walikufa kwa sababu ya kamba moja isiyokuwa mahali pake.

Nikanyoosha mkono. Nikasema kwamba Ardith alikuwa akiwaruhusu watoto walale kwanza, vyombo asubuhi. Sikujua kama ni kweli. Nilitaka tu kulisikia jina lake pale.

Orrin akaangalia juu ya kichwa changu, kuelekea mlingotini. "Hakuna Ardith kwenye orodha ya mabaharia wa meli hii, Bwana Jikoni," alisema.

Wazazi wengine wakacheka, wakidhani ni mchezo. Mimi masikio yaliwaka moto. Miaka kumi na minane aliwapikia. Sasa nauchukua mwiko bila huruma yoyote.

Niliuona. Kwa mbali, kutoka mlangoni, kule kwenye giza la jiko. Umekuwa mweusi. Basi kazi ya kesho ni rangi.


Alhamisi, 16 Mei

Mwiko bandia umelala usiku kucha kwenye beseni la chai kali. Pakiti sitini. Umetoka na rangi nzuri ya kuzeeka. Nimeukausha kwenye tanuri, nikaupaka masizi kidogo ya jiko la nje.

Nimeujaribu ndani ya mguu wa suruali. Unaingia, ila sikunji goti. Nitatembea hivyo. Wakiuliza nitasema mgongo.

Mgongo. Kila Septemba, ratiba ikitoka, Ardith aliuliza. Twende, Leland, usiku mmoja tu, utaona wanavyoimba wakivuta kamba. Na mimi kila Septemba nikasema mgongo. Mgongo wangu hauna kitu. Sikutaka tu kupokea amri za Orrin mbele ya mke wangu. Hakuwahi kubishana. Aliniachia supu kwenye jokofu na kikaratasi kinachosema dakika ngapi.


Ijumaa, 17 Mei. Melini, saa kumi jioni, nimejificha stoo ya viazi.

Nimefanikiwa!

Watoto thelathini na wawili wako sitahani, wanajifunza mafundo. Nimeingia jikoni peke yangu, mguu mmoja mkavu kama nguzo. Nimeutoa wa kweli msumarini, nimening'iniza wa bandia. Wa kweli nimeusukuma nyuma ya pipa la unga, chini ya kidirisha cha mviringo, nikiwa nimegeuzia uso mlangoni. Sikupata muda wa kuutazama. Niliushika tu. Ni mwepesi kuliko nilivyokumbuka, na mpini una mikwaruzo. Kazi nyingi, nadhani.

Marisol amechaguliwa mkuu wa jiko la watoto. Ananiita Bwana Jikoni bila hata kutabasamu. Anaichukulia kazi kwa uzito.


Jumamosi, 18 Mei. Nyumbani.

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nianze na supu. Nyama ya ng'ombe, viazi, karoti, galoni nane. Watoto walikoroga kwa zamu na mwiko wangu wa bandia. Sheria inakataza mtu mzima kuonyesha jambo, kwa hiyo nilisimama na kutazama chai yangu ikitoka kwenye mwiko na kuingia kwenye supu. Ilianza kahawia. Ikaishia rangi ya buti. Mvulana mmoja aliuliza kama ni kawaida. Nikasema mwaka 1906 ilikuwa kawaida. Orrin alikula mabakuli mawili na kutangaza kwamba hiyo ndiyo ladha halisi ya bahari.

Kisha hesabu, saa moja jioni, jua bado liko juu ya vilima. Jiko lilihesabu la kwanza. Masufuria, yapo. Visu, vipo. Marisol akaushika mwiko, akaugeuza, akaugeuza tena, akaupeleka penye mwanga.

Huu siyo, alisema.

Nikamwambia mwiko ni mwiko. Akasema mwiko wa meli una alama. Kila safari, mtoto mdogo kuliko wote wa jikoni hukata alama moja kwenye mpini kwa kisu. Ni zaidi ya mia mbili sasa. Bibi Ardith alikuja darasani mwao Oktoba, akawaonyesha, akawaahidi yao itakatwa Mei. Na mdogo kuliko wote jikoni ni yeye Marisol, kwa siku tisa.

Oktoba. Alikuwa ameshaanza dawa. Aliniambia anakwenda maktaba.

Sikujua habari za alama. Nilichonga mwiko kama nilivyoukumbuka mimi. Laini.

Orrin alitoa amri: hakuna anayeshuka mpaka mwiko upatikane. Watoto thelathini na wawili wakasimama sitahani na upepo wa ghuba unawapiga. Meno yanagongana. Mmoja alianza kuimba ili wapate joto, wengine wakamfuata. Wanaimba vizuri. Ardith alikuwa sahihi.

Sikuweza kuvumilia. Mpango mpya: niingie jikoni, niutoe nyuma ya pipa, niudondoshe mahali pa wazi, kisha niseme mbona upo hapa. Nikainama. Nikaingiza mkono. Mkono ukaukuta mwiko, na kidole cha kati kikaukuta mtego.

Mtego wa panya. Wa chuma, na jibini juu yake. Marisol alikuwa ametega minne jikoni, kwa sababu ya mimi.

Mkono ulifyatuka wenyewe. Mwiko ukapita kidirishani kama umetumwa. Nikasikia "chubwi".

Na hapo, juu, kilio cha mtoto: mtu majini! Kisha wote thelathini na wawili. Nilipotoka, mkono ndani ya kwapa, kulikuwa na safu ya mikono imenyooshwa, haishuki, macho hayapepesi, yote yanaonyesha kipande cha mwaloni kinachoelekea baharini na mkondo. Mwalimu wao alisema taratibu kwamba huyo si mtu. Hakuna aliyeshusha mkono. Orrin akapiga filimbi, akaamuru mashua.

Watoto wanane na wasimamizi wawili. Walipiga makasia vibaya, wakazunguka, wakagombana nani kushoto nani kulia. Ilichukua dakika ishirini. Nilisimama pale na nilichowahi kumpa Ardith cha maana kinaelea kikiondoka, na nilichofanya ni kutunga uongo kuhusu upepo.

Walipourudisha, Orrin aliuweka juu ya pipa, unachuruza maji, akauliza nani aliutupa. Desturi ya meli: mwenye kosa husema mwenyewe, na wengine husubiri. Tukasubiri. Nilikuwa na upepo wangu tayari mdomoni.

Marisol akatoka mstarini. Ni mimi, Bwana Mkuu, alisema. Nilitega mitego, labda panya aliukimbiza.

Kwa hiyo nikasema. Sikusema vizuri. Nilisema hakuna panya, hajawahi kuwepo panya, mwiko niliuiba mimi, na huo mwingine niliuchonga mimi, na supu ile ilikuwa chai. Nadhani habari ya supu ndiyo iliyowauma zaidi.

Orrin alivua kofia. Wazazi walisema baadaye hawajawahi kumwona bila kofia melini. Ana kipara.

"Ungeniomba tu, Leland," alisema. "Ningekuletea siku ileile."

Aliniambia tukiwa pembeni. Machi aliufunga mwiko kwenye gazeti, akauleta mpaka mlangoni kwangu. Akaona mapazia yamefungwa. Akakaa kwenye gari nusu saa, akaondoka. Alidhani sitaki kuona kitu chochote cha meli, kwa kuwa sikuwahi kuja. Na Jumanne ile, nilipotaja jina la Ardith, angejibu nini mbele ya watu? Angelia. "Mwaka 1906 ni rahisi," alisema. "Hakuna ninayemjua ambaye amekufa."

Akanipa mwiko. Uchukue, alisema, ni wako.

Niliutazama kwa mara ya kwanza. Alama kutoka juu hadi karibu na shingo, nyingine nzito, nyingine nyembamba kama ukucha wa mtoto. Ya kwanza kabisa imekaa vizuri, imenyooka. Mkono wa Ardith. Imebaki nafasi ya labda ishirini.

Nikasema ubaki. Nilisema hivyo kwa kweli, bila mpango wowote.

Marisol alikata alama yake kabla ya kulala, kwa taa, mimi nimeushikilia mpini kwa mkono mzima uliobaki. Alikata polepole. Kisha, bila kuinua macho, akaniuliza mgongo unauma leo?

Nikamwuliza kwa nini mgongo.

"Bibi Ardith alituambia," alisema. "Alisema mwiko huu ameuchonga mume wake, fundi kuliko mafundi wote, ila hawezi kuja kutusalimia kwa sababu ana mgongo mbaya. Siku za Ijumaa tu."

Wenzake wa jikoni walikuwa wanacheka. Inaonekana hata Oktoba darasa zima lilicheka. Alikuwa akisema hivyo kila mwaka, kwa kila darasa.

Siku za Ijumaa tu. Alijua. Miaka kumi na minane alijua, akaniachia supu na kikaratasi.

Nililala kwenye kitanda chake cha mbao. Kigumu kama kaunta ya benki, hilo angalau sikudanganya.


Jumapili, 19 Mei

Renata amenifunga kidole. Kimevimba kama soseji, hakijavunjika. Aliuliza safari ilikuwaje. Nikasema nzuri, ya kawaida. Akasema Marisol ameshamwambia yote, na darasa limempa jina, Kapteni Mtego. Akaniletea tamale nne za unga wa mahindi na nyama. Hakuniuliza kuhusu panya. Alinitazama tu, mama na mtoto wanatazama namna moja.

Mwiko bandia umerudi na mimi. Unanuka chai. Nimeuweka kwenye droo. Nimeutoa. Nimeuweka juu ya meza.

Leo nimesogeza kikombe chake asubuhi, nikakinywea. Kahawa ni ileile.


Jumatano, 22 Mei

Saa tatu asubuhi simu ikalia. Orrin Tolliver.

Alizungumza habari za hali ya hewa. Kisha akasema hivi: Oktoba wanaanza tena, safari kumi na mbili, jiko halina mtu. Wazazi wanabadilika kila darasa, lakini jiko linataka mtu wa kudumu, kama ilivyokuwa. Amefikiria, hamjui mwingine. Kitanda kipo. Msumari upo. Akasema atafurahi. Alisema neno hilo, atafurahi, na sauti yake ya kuita ng'ambo ya maji ikawa ndogo.

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nilikuwa tayari nimeshaona masufuria, nimeshaona watoto, nimeshafikiri kwamba karoti zikatwe nene.

Nikausikia mdomo wangu ukisema mgongo.

Orrin akasema pole sana, Leland, akaniuliza kama nimekwenda kwa daktari. Nikasema nitakwenda. Akasema basi, atatafuta mtu. Akakata simu.

Nimekaa na mkono juu ya simu mpaka saa nne. Ningeweza kumpigia. Namba iko pale kwenye friji, kwa mwandiko wa Ardith. Lakini kumpigia ni kama kumwomba.

Hapana. Lazima aniulize tena mwenyewe. Nimefikiria, na njia ipo. Orrin hunywa kahawa kila Ijumaa asubuhi kwenye mgahawa wa pale kona ya gati, meza ya dirishani. Ijumaa hii nitapita mbele ya dirisha hilo nimebeba gunia la unga begani, kilo ishirini na tano, natembea wima, napiga mluzi. Nikifika mwisho wa barabara nitageuka nipite tena. Ataona mwenyewe mgongo ulivyo.

Nimeshanunua unga. Nimeujaribu uani, mara mbili.

Nadhani nimejitegua kitu.